Jema na Baya Katika Nyanda za Kajiado

Mtu wa Kajiado, kaunti ya Kenya, akiulizwa kwa nini tendo fulani ni baya, ni nadra aanze kwa kueleza ubaya ni nini. Humtaja aliyeumia, ukoo wake, mifugo yake, na anayestahili kulipa. Kwa zaidi ya karne moja, hoja za maadili katika nyanda hizi zimejengwa juu ya maswali mawili: tendo limemfanya nini mwenzako, na hasara ataibeba nani? Maswali hayo hayajabadilika. Kilichobadilika ni matendo yenyewe. Kuteka ng'ombe, kuuza ardhi, kuzungusha seng'enge, kuua simba na kukeketa wasichana ni mambo ambayo kwa wakati wake yalisifiwa, au yalionekana ya kawaida, kisha yakahojiwa upya. Historia ya Kajiado inaonyesha kwamba maana mpya ya jema iliota mizizi pale gharama yake ilipogawanywa kwa haki, na ilikwepwa au kupingwa pale gharama ilipoachiwa mmoja.

Hukumu ya wazee

Kabla ya utawala wa Waingereza, Wamaasai wa eneo hili walikuwa katika matawi kadhaa: Ilkaputiei katika nyanda za Kitengela na Isinya, Ilkeekonyokie upande wa Ngong, Ilodokilani kuelekea Magadi, Ilmatapato karibu na Namanga, na Ilkisonko upande wa Loitoktok. Kila tawi lilikuwa na malisho yake, lakini msingi wa mwenendo ulikuwa mmoja. Mtoto alifundishwa kwanza enkanyit, yaani heshima: akikutana na mzee aliinamisha kichwa ili mzee amguse utosini. Morani, kijana shujaa, naye alikatazwa kunywa maziwa peke yake. Hata akiwa na kiu namna gani, alisubiri mwenzake wa rika ndipo kibuyu kifunguliwe. Katazo hilo lilimfundisha kijana kwamba njaa ya mtu mmoja haiwezi kutangulizwa mbele ya ile ya wenzake, na kwamba shujaa asiyeweza kugawana hafai kulinda boma.

Makosa makubwa yaliaminika kuleta engoki, balaa linaloanguka juu ya mkosaji, watoto wake na mifugo yake. Kumtukana mzazi au kumnyima mwenye shida kulikuwa miongoni mwa makosa hayo. Kesi zilisikilizwa katika enkigwana, mkutano wa wazee chini ya mti, ambapo kila mzee alisimama na kusema hadi mwafaka ukapatikana. Msemaji wa rika, olaiguenani, alishika rungu jeusi kama alama ya dhamana yake. Hukumu ya kawaida ilikuwa fidia. Mtu akiuawa, idadi inayotajwa zaidi katika mila ni ng'ombe 49, na muuaji hakutarajiwa kuwatoa zizini mwake pekee. Ukoo wake ulichanga, na ukoo wa marehemu ukapokea. Kwa njia hiyo kila mwanaukoo alikuwa na sababu ya kumzuia kijana mkorofi kabla hajafanya lisilorudika, kwa maana kosa lake lingemfikia kila mmoja zizini.

Upande wa pili wa utaratibu huo ulikuwa osotua, kifungo cha kusaidiana kati ya watu wawili au familia mbili. Aliyepoteza mifugo kwa ukame au maradhi alimwendea mwenzake wa osotua na kuomba kiasi cha shida yake, si zaidi. Aliyeombwa alitoa kwa kadiri ya uwezo wake, na kilichotolewa hakikuitwa deni. Katika nchi ambayo mvua ikikosekana misimu miwili tajiri huwa maskini, uchoyo ulikuwa hatari ya kweli kwa uhai wa watu, na ndiyo sababu ulihukumiwa vikali hivyo.

Hata hivyo, duara la waliohesabiwa kuwa wenzi lilikuwa na mpaka. Masimulizi yalisema Enkai, yaani Mungu, aliwateremshia Wamaasai ng'ombe wote wa dunia. Morani aliyerudi na mifugo iliyotekwa kwa Wakamba au Wakikuyu aliimbiwa sifa, wakati aliyeiba katika boma la rika lake aliadhibiwa. Hasara ya mtu wa nje haikupimwa kwa mizani ileile. Pamoja na hayo, mpaka huo haukuwa ukuta: watu wa jamii hizo walioana, na wanawake waliendelea kubadilishana ngozi na maziwa kwa nafaka hata wakati wanaume walipokuwa vitani.

Ahadi iliyovunjwa, 1904 hadi 1913

Mwaka 1904 viongozi wa Wamaasai, akiwemo laiboni (kiongozi wa kiroho) Olonana, waliafikiana na serikali ya Kiingereza kuhama Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Wamaasai walitengewa maeneo mawili, moja kaskazini huko Laikipia na jingine kusini, na mkataba ukaahidi kwamba maeneo hayo yangebaki yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 serikali iliitaka Laikipia pia. Mkataba wa pili ukaandikwa, na watu na mifugo yao wakahamishwa kwenda kusini kwa nguvu. Wengi waliteseka njiani, na mifugo mingi ikafa.

Kiongozi wa kaskazini, Ole Gilisho, pamoja na wenzake walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Waafrika wa wakati huo: waliishtaki serikali. Hoja yao ilikuwa ya kimaadili kabla ya kuwa ya kisheria: aliyetoa ahadi ya kudumu hawezi kuivunja baada ya miaka saba kwa sababu tu ana nguvu. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi bila kuamua kama uhamisho ulikuwa wa haki. Majaji walisema mikataba hiyo ilikuwa kati ya dola na dola, kwa hiyo haikuwa juu yao kuihukumu. Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa lenye uwezo wa kutia sahihi mkataba, lakini walinyimwa mahali pa kushtakia ulipovunjwa.

Tukio hilo liliacha funzo lililodumu. Karatasi ya serikali ingeweza kuitwa halali na bado isiwe ya haki, na gharama yote ingeweza kumwangukia asiyekuwa na sauti. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai ardhi ya Laikipia. Karne nzima haikutosha kugeuza dhuluma hiyo kuwa jambo la kawaida.

Utawala wa kikoloni ulibadilisha pia hesabu ya wizi wa mifugo. Uvamizi uliokuwa sifa ya ujana ukawa jinai, na sheria iliruhusu faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa. Ukoo au kijiji kizima kingeweza kutozwa kwa kosa la wachache. Kwa sura hatua hiyo ilifanana na fidia ya zamani ya ukoo, lakini tofauti ilikuwa kubwa: faini ilikwenda kwa serikali, na wazee hawakushirikishwa kuamua. Maonyo ya wazee yalipungua uzito, na morani wengi waliichukulia adhabu kama bei ya kuteka ng'ombe kuliko kama fedheha. Uvamizi ulipungua zaidi pale majirani walipoanza kukutana sokoni, katika vituo vya reli ya Konza hadi Magadi iliyopita Kajiado, na baadaye shuleni na makanisani. Kadiri Mkamba na Mmaasai walivyofahamiana kwa majina, ndivyo hasara ya mmoja ilivyoanza kuonekana na mwingine.

Ardhi ya wote, hati ya mmoja

Baada ya uhuru, swali kubwa la Kajiado likawa ardhi. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za kikundi: ardhi iliandikishwa kwa jina la wanachama wote na kusimamiwa na kamati. Serikali na wafadhili walitarajia kupunguza mifugo na kuongeza biashara ya nyama. Wamaasai wengi waliikubali kwa sababu nyingine, kuzuia ardhi isichukuliwe na watu wa nje kama ilivyochukuliwa mwaka 1911.

Kufikia miaka ya 1980 ranchi nyingi zilikuwa na migogoro. Wanakamati walilaumiwa kwa kujipendelea, vijana walihofia kukosa fungu, na wengine walitaka hatimiliki ili wapate mkopo wa benki. Ranchi ya Kitengela, yenye wanachama zaidi ya 200, iligawanywa mwaka 1988. Kila mwanachama alipata kipande chake, na wanachama waliotambuliwa karibu wote walikuwa wanaume, wakuu wa familia.

Hapo ndipo jema na baya vilipoingia katika jaribio jipya. Aliyeuza ekari kadhaa ili alipie mtoto karo au matibabu alisema alikuwa akitimiza wajibu wa mzazi, na hakuna aliyeweza kulikanusha hilo. Lakini kila aliyeuza alipunguza malisho ya jirani, maana ng'ombe wa nyanda kame hawaishi kwa kipande kimoja, huifuata mvua. Tendo jema kwa familia moja likawa, likirudiwa mara mia, hasara kwa wote. Wapo pia waliouza na fedha ikaisha kwa muda mfupi, mke na watoto wakapata habari siku mnunuzi alipokuja na vigingi vya kupimia. Mtafiti Marcel Rutten aliandika juu ya mabadiliko haya ya Kajiado mwaka 1992, na kichwa cha kitabu chake kilieleza jinsi mali ilivyouzwa ili kununua umaskini.

Jibu la sheria lilichelewa. Sheria za ardhi za mwaka 2012 zilitaka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani. Umuhimu wake Kajiado ulikuwa wa pekee: mama ambaye hakuhesabiwa ranchi ilipogawanywa sasa aliweza kuuzuia mkono uliokuwa tayari kutia sahihi. Aliyekuwa akibeba hasara kimya alipewa nafasi katika uamuzi.

Seng'enge, nyumbu na simba

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina uzio upande wa kusini. Wanyama wake huvuka na kutawanyika Kitengela na nyanda za Athi-Kaputiei wakati wa mvua. Baada ya ranchi kugawanywa na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje kuanzishwa Athi River miaka ya 1990, wafanyakazi walihitaji makazi, bei ya ardhi ikapanda, na seng'enge zikaongezeka. Nyumbu waliokadiriwa kuwa zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 walibaki chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011.

Je, mwenye shamba alifanya vibaya kuzungusha seng'enge? Kisheria ardhi ilikuwa yake, na uzio ulilinda mazao na mifugo yake. Wahifadhi waliomwambia asizungushe walimwomba abebe peke yake gharama ya kitu ambacho nchi nzima na watalii wanakifurahia. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori ulioijibu hoja hiyo ana kwa ana. Familia zilizojiunga zililipwa dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka. Nazo ziliahidi kutozungusha uzio, kutochimba mawe, kutoua wanyama na kutoiuza ardhi kwa matumizi mengine. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, karibu na kufunguliwa kwa shule, ili fedha iende kwenye karo. Mpango ulianza na familia chache ukaenea kwa mamia. Yakilinganishwa na bei ya ploti za Kitengela, malipo hayo yalikuwa madogo, lakini yalibadilisha mazungumzo: kuacha njia ya nyumbu wazi kulianza kuonekana kama kazi inayostahili ujira.

Simba walileta mtihani mgumu zaidi. Zamani kijana aliyemuua simba kwa mkuki katika olamayio, yaani msako wa simba, alipata jina na heshima, kwani alithibitisha kwamba angeweza kulilinda zizi. Sheria ya taifa ilikataza, na uwindaji wote ukapigwa marufuku mwaka 1977, lakini mfugaji aliyeamka na kukuta mbuzi wake wamelala wafu hakuwa na pa kudai haraka. Juni 2012 simba waliingia katika boma huko Ilmasin, Kitengela, wakaua mbuzi. Asubuhi wanakijiji waliwazingira simba 6, wakiwamo wadogo, na kuwaua kwa mikuki. Nchi iligawanyika. Wengi mjini waliona ukatili, wafugaji wengi waliona watu waliojitetea baada ya kuachwa peke yao. Pande zote mbili zilizungumzia hasara ya kweli, ila kila upande ulihesabu hasara moja.

Hatua zilizosaidia zilitoka karibu zaidi na zizi. Richard Turere, mvulana wa Empakasi mpakani mwa hifadhi, aligundua akiwa na miaka 11 kwamba simba hawasogelei mwanga unaotembea. Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kifaa cha taa za kuashiria cha pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazifunga kuzunguka boma ili ziwake kwa zamu, kana kwamba mtu anazunguka na tochi usiku kucha. Simba wakaacha kuja, na majirani wakaomba wafungiwe zao. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuueleza ubunifu huo katika mkutano wa TED. Mvulana aliyekua akiwachukia simba alilinda ng'ombe wa baba yake bila kuwaua.

Kusini mwa kaunti, katika ranchi ya Mbirikani karibu na Amboseli, mfuko wa fidia ulianza mwaka 2003. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba alilipwa, lakini malipo yake yalipunguzwa iwapo aliwaacha mifugo bila mchungaji au zizi lake lilikuwa bovu. Mtu akiua simba, wote wa eneo lake walikosa fidia. Kanuni hizo ziliufufua mfumo wa zamani: kosa la mmoja likawafikia wengi, kwa hiyo wengi wakamzuia mmoja. Mwaka 2007 morani walianza kuajiriwa kama walinzi wa simba, wakifuata nyayo na kuwaonya wachungaji, na mwaka 2012 yakaanzishwa mashindano ya michezo ya Wamaasai, ambapo vijana hushindana kurusha mkuki na rungu, kukimbia na kuruka, ili sifa itafutwe uwanjani. Heshima ya ushujaa haikufutwa. Ilipewa kazi nyingine.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Malipo mengi yamecheleweshwa kwa miaka, na kila ucheleweshaji huwarudisha wafugaji katika hoja ya Ilmasin.

Wasichana na ridhaa ya wazee

Ukeketaji ulitetewa kwa muda mrefu kama jambo jema kwa msichana mwenyewe: bila huo, iliaminika, hangeolewa wala kuheshimiwa. Sheria ya mwaka 2011 iliupiga marufuku nchini kote. Mwaka 2014 utafiti wa afya wa kitaifa ulionyesha asilimia 21 ya wanawake wa Kenya walikuwa wamekeketwa, ilhali miongoni mwa Wamaasai ilikuwa asilimia 78. Mwaka huohuo wanawake waliandamana Kajiado kuipinga sheria hiyo. Mama aliyeandamana hakumtakia mwanawe mabaya. Alihofia kwamba adhabu ya kutengwa ingemwangukia binti peke yake.

Waliofaulu kubadilisha mambo walishughulikia hofu hiyo. Shule ya Wasichana ya AIC Kajiado, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilipokea chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai wasichana waliokimbia ndoa za utotoni, na mara nyingi kazi iliyofuata ilikuwa kuwapatanisha na wazazi wao. Huko Mosiro shule ya Naning'oi ilitumia desturi yenyewe ya posa: baba alipokea blanketi na mifugo ili binti yake awekwe kwa ajili ya masomo badala ya mume. Katika Loitoktok, Nice Leng'ete, ambaye akiwa na miaka 8 alitoroka asikeketwe na kumshawishi babu yake amwache asome, alirudi kuzungumza na wazee na morani. Kwa msaada wa shirika la Amref, sherehe mbadala zilianza ambamo msichana hupokea baraka za wazee na mafunzo ya utu uzima bila kukatwa. Mwaka 2018 jarida la TIME lilimtaja Leng'ete miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi duniani. Baraka ya hadharani ilikuwa na uzito ambao tishio la kifungo pekee halikuwa nao, kwa sababu morani na wazee walisema mbele ya watu kwamba msichana asiyekeketwa ataolewa na ataheshimiwa. Mzigo uliomwelemea mtoto ulichukuliwa na rika zima.

Mji wa majirani wapya

Kwa sensa ya 2009 Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na zaidi ya 150,000. Wengi wa wakazi wa mji ni wahamiaji wa makabila mbalimbali, wapangaji wa nyumba za ghorofa au wamiliki wa ploti ndogo, wasio na wazee wa pamoja wala rika la pamoja. Hapo mizozo ni ya kisima kinachokauka kwa sababu jirani amechimba kingine, maji machafu yanayoelekezwa barabarani, kelele za baa na za mikesha, au mpangaji mgonjwa asiyejulikana na mtu.

Mahali pa enkigwana pamechukuliwa na chama cha wakazi, kanisa, msikiti, baraza la chifu na, tangu 2013, Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana. Chama cha akina mama wanaochangiana kila mwezi hufanya kazi iliyofanana na osotua: mwanachama akifiwa, kiasi hutolewa na huduma za mazishi hupangwa, na hakuna anayeuliza kabila. Asiyechangia wenzake wanapofikwa hulaumiwa kwa maneno yaleyale ambayo wazee wa Ilkaputiei wangetumia. Lakini mji una udhaifu wake. Mtu anaweza kuhama usiku na kuacha deni, na mwenye kujenga ghorofa anaweza kuishi Nairobi asiione taka anayoisababisha. Gharama ikimwangukia mtu asiyejulikana, lawama hukosa mahali pa kufikia, na ndiyo maana kanuni za kaunti kuhusu maji, taka na mipaka ya majengo zinahitajika zaidi mjini kuliko malishoni.

Mizozo ya leo ya Kajiado, kama vile uchotaji wa mchanga mitoni, machimbo ya mawe, njia za wanyamapori na mgawanyo wa ranchi zilizobaki, inaendelea kuamuliwa kwa mchanganyiko wa sheria, dini na mila. Mikataba ya 1904 na 1911, ugawaji wa 1988, mfuko wa Mbirikani na baraka za Loitoktok zinaonyesha jambo lilelile kwa njia tofauti. Kulitangaza tendo kuwa jema au baya ni kazi nyepesi. Tangazo hilo hugeuka kuwa maadili yanayofuatwa pale wale watakaoumia wameketi katika mkutano, na wale watakaofaidi wamekubali kuchanga.